Mikono ya Kushoto ya Bi Mastura

Jumatatu, 28 Julai

Leo nimepewa ukuta. Si ukuta wowote — ule wa mbele, ukumbini ghorofani, ambao mtu akimaliza ngazi tu anakutana nao. Bosi wangu Alexander kaniita, kafunga mlango, kacheka kwanza. Nikajua ni habari njema au ni kazi. Kumbe vyote viwili.

Maonyesho yanakuja kutoka Mombasa. Yanaitwa "Nyuso". Wachoraji mashuhuri wa dunia, walivyojichora wenyewe! Si picha halisi, bila shaka. Nakala kubwa, zimechapishwa vizuri na kutiwa fremu. Rembrandt uzeeni. Van Gogh na bandeji yake sikioni. Frida Kahlo na nyusi zilizokutana. Sasa ni zamu ya Tanga, kwenye kituo chetu kidogo cha utamaduni ambacho nusu ya mji wanadhani ni ofisi ya maji. Uzinduzi Jumamosi ya tarehe 9, kesho yake baada ya Nanenane. Mimi nitundike, niandike maelezo ya ukutani, nizungumze na wanafunzi: kwa nini picha hizi zinastahili kutazamwa kuliko nyingine.

"Kuliko nyingine" ni maneno ya Alexander. Nimeitikia kwa furaha. Nikarudi mezani kwangu, furaha imebaki mlangoni.

Sababu naijua. Chini ya kitanda changu kuna nyuso zangu. Tangu chuo najichora. Mhadhiri wetu alikuwa akisema asiyeweza kujitazama hawezi kutazama chochote. Basi nikajitazama. Nimejitazama mpaka nimeichoka pua yangu. Hakuna aliyeziona, hata mama. Kila nikimaliza moja naipambanisha kichwani na za hao mashuhuri, naiona inavyokufa, naisukuma chini ya kitanda.

Mama kauliza mbona sili. Nimesema joto. Julai, na kipupwe chote hiki!


Jumatano, 30 Julai

Rahila anaolewa mwisho wa Agosti. Tumekua mlango kwa mlango, kwao na kwetu, kwa hiyo leo nimemsindikiza Ngamiani kwa Bi Mastura, Mpemba anayewachora maharusi hina na piko, ile rangi nyeusi. Rahila kuchagua ua lake, mimi kubeba mkoba.

Mwanamke wa makamo, mrefu, wanja umekolea, na anajua kuwa anapendeza. Nimemwamkia shikamoo. Kaitika marahaba bila kunitazama usoni. Alikuwa anatazama mikono yangu.

"Rangi mpaka chini ya kucha," kasema. "We fundi wa nini? Baiskeli?"

Rahila kacheka. "Anachora, bi."

"Achora nini?"

Ningesema nini? Mimi?

Ana sheria yake: biharusi hapewi ua la biharusi mwingine. Kila mtu lake. Kwa hiyo ua jipya analichora kwanza kwenye karatasi, na karatasi anaitunza, asije akajirudia. Hapo ndipo nilipoganda. Karatasi yenyewe anaifanyaje? Anaweka juu yake mkono wake wa kushoto, anauzungushia penseli, halafu ndani ya huo mkono ndiyo anachora. Mkono wake. Kila mara!

Nikauliza kwa nini wake.

"Sasa nimwazime nani? Huu upo hapa. Haulalamiki baridi, hauniambii bi nataka kwenda kujisaidia."

Kafungua sanduku la bati. Migongo ya kalenda, karatasi za kaki, vipande vya mfuko wa saruji. Tangu alipokuwa msichana, Wete. Mikono ya kushoto tele! Mkono mwembamba, vidole kama vimevutwa. Mkono uliovimba, alipokuwa mjamzito. Kidole cha mwisho kinaanza kupinda. Karatasi nyingine kimepinda zaidi. Za karibuni, mstari wa penseli wenyewe unatetemeka, kama mtu kauchora ndani ya gari.

Rahila alikuwa anatafuta ua. Mimi nilikuwa namtazama mwanamke anazeeka, karatasi kwa karatasi, bila kuremba hata moja — huku zote zimerembwa!

Nimetoka pale nasema peke yangu. Rahila kasema nimeingiwa na shetani wa Kipemba.


Alhamisi, 31 Julai

Nimemwambia Alexander. Nilipaswa kungoja anywe chai kwanza.

Si mtu mbaya. Anataka kituo kijulikane, anahangaika kweli. Kanisikiliza mpaka mwisho, halafu: "Beatrisi. Nani atatoka Muheza kuja kutazama mikono ya mama wa piko? Kwao hawana mikono?"

"Na huko Muheza wanatoka kuja kumtazama nani?"

"Van Gogh! Jina tu linatosha."

Jina tu linatosha. Hilo ndilo linalonisumbua tangu asubuhi.

Niwe mkweli, hapa hasomi mtu. Nimemfungua Rembrandt kwenye simu, yule wa uzeeni. Ni mkubwa. Siwezi kujidanganya kwamba umaarufu wake ni kelele za watu. Hajionei huruma, hajipendekezi. Pua kama kiazi, na kaiacha kiazi. Ningekuwa nimejichora vile hata mara moja, ningelala usingizi mzuri maisha yangu yote.

Lakini nimejiuliza — ningemkuta nyuma ya kalenda, bila jina, ningesimama? Au ningepita kama ninavyopita vibao vya saluni, ambavyo navyo kavichora mtu? Hao tunawapa muda wetu kwa sababu wengine walishawapa muda wao. Aliyekwisha kutazamwa na wengi ni rahisi kumtazama. Bi Mastura katazamwa na nani? Biharusi mmoja, siku chache, halafu sabuni.

Alexander mwisho kalegea. Kanipa ujia wa nyuma, kati ya stoo na choo. Kasema hata huo ni heshima. Na mimi nikashukuru! Nikasema ahsante sana. Nimejichukia kidogo.


Jumamosi, 2 Agosti

Nimerudi kwa Bi Mastura peke yangu, maneno nimeyapanga njia nzima. Nimemkuta uani anachuja hina. Nikamweleza: maonyesho, wachoraji wakubwa, karatasi zake, ujia.

"Huo ujia uko wapi?"

"Nyuma, bi. Karibu na stoo."

"Karibu na stoo na nini?"

Nikatazama bakuli la hina.

"Sema, mwanangu. Na nini?"

"Na choo."

Alicheka mpaka akaweka bakuli chini. Akamwita jirani wa ng'ambo ya ukuta. "Njoo umsikie mtoto wa Kishambaa! Ataka kunitundika chooni! Wazungu wake wakae barazani, mie nipokee watu wendao haja!"

Jirani naye kacheka, bila kuonekana. Nilitamani ardhi inifunike.

Kisha kanikalisha na kusema mambo mawili, hapo hacheki tena. La kwanza, mbele au basi. Mkono wake si wa kuchungulia mlangoni. La pili sikuwa nimelifikiria hata kidogo: maua si yake. "Mkono wangu, ua la mwenyewe. Mtu kalivaa siku yake, kalioga, limekwisha. Weye wataka kulifufua mbele ya watu bila kumuuliza?"

Miaka yote ya chuo hakuna aliyenifundisha kuuliza swali hilo.

Alinichora ua dogo kifundoni mwa mkono, nadhani ili nisiondoke na aibu mikono mitupu. Mkono wake wa kulia unatetemeka sasa. Kaegemeza kidole cha mwisho kwenye mfupa wangu, ndipo mstari ukatulia. Wasichana siku hizi wanabandika stika, wanapaka juu, wanabandua, ua tayari. Maharusi wake wamepungua. Rahila ni kati ya wachache waliobaki.

"Mwaka huu ndio mwisho," kasema, kama anayezungumzia kanga iliyochakaa. Kapuliza ua likauke. "Ningependa watu wanijue kabla sijaacha. Sikatai, nataka. Wallahi nataka! Lakini si hapo uliponiambia."

Nimerudi kwa miguu mpaka Chumbageni. Nilidhani nitalia, badala yake nilikuwa mwepesi. Mtu kapewa nafasi ya nyuma na kaikataa, na mbingu hazikuanguka. Mimi ningeikubali. Mimi huwa naikubali kabla sijapewa.


Jumatano, 6 Agosti

Makreti ya picha yamekwama Horohoro, mpakani!

Karatasi ya forodha haikugongwa muhuri upande wa pili wa mpaka. Ijumaa ni Nanenane, sikukuu. Baadaye Jumamosi na Jumapili. Maana yake wiki ijayo. Alexander kapiga simu mpaka sikio limekuwa jekundu — na yeye mweusi kama mimi. Dereva anamjibu kwa upole kwamba asiwe na wasiwasi, kapata mahali pazuri pa kulala chini ya lori, na samaki wa huko ni watamu.

Mimi nikaingia stoo, nikafunga mlango, nikacheka na kitambaa mdomoni. Aibu! Lakini ilikuwa kama kuvua kiatu kinachobana. Jumamosi sitasimama mbele ya Rembrandt kueleza watoto kwa nini yeye kuliko wengine. Hayupo! Yuko Horohoro, anasubiri muhuri kama kila mtu.

Alasiri Alexander kaja mezani kwangu, hana sura. Mialiko imetoka. Shule zimeambiwa. Ukuta mtupu. Kasema taratibu, akitazama dirisha:

"Ile mikono yako."

"Si yangu. Na haiendi nyuma."

Feni inazunguka.

"Mbele basi! Mbele! Mpaka makreti yafike."

Hayo maneno ya mwisho niliyasikia. Nikajifanya sikuyasikia.


Alhamisi, 7 Agosti

Bi Mastura kakubali, kwa masharti. Jina lake lote liandikwe, herufi kubwa, na Wete itajwe. Majina ya maharusi yasiandikwe hata moja. Na mwenye ua akilitaka lishuke, linashuka, hapo hapo, bila maswali. Nimekubali yote kabla hajamaliza.

Kisha kawatumia wanawake wake ujumbe wa sauti kwenye simu. Nilikuwepo. Kajisafisha koo kama mtangazaji: "Maharusi wangu. Mastura huyu. Watu wa utamaduni wanitaka mbele, wameomba sana." — Wameomba sana! — "Asiyetaka ua lake lionekane aseme leo, asinijie kesho na midomo."

Majibu yalikuwa yanalia simuni kama mvua ya mawe. Mmoja kauliza kama atakuwepo mpiga picha. Mwingine kasema lake liwekwe mbali na la wifi yake. Wachache wamekataa, karatasi zao kaziweka kando kifudifudi, hata mimi sikuziona. Mmoja kajibu neno moja tu: "Kumbe!" Bi Mastura kasema huyo ndiye aliyekubali kuliko wote.


Ijumaa, 8 Agosti — Nanenane

Mji mzima uko kwenye sherehe, sisi tunapigilia misumari midogo. Mimi na Rahila tangu asubuhi. Alexander kakata kamba, kashika ngazi, kakaa kimya. Nampenda akikaa kimya.

Nilizipanga kwa umri wa mkono, kushoto kwenda kulia. Nilijivuna! Saa ya adhuhuri Bi Mastura kapanda ngazi, kasimama, kashika kiuno.

"Mbona umenifanya trafiki?"

Sikuelewa.

"Mikono yote juu! Nimesimamisha lori gani mie?"

Rahila kaanguka kwenye kiti kwa kicheko. Na kweli — nilizitundika vidole juu, kama vitabuni, kama mtu anayesema simama. Hakuna biharusi anayekaa hivyo. Biharusi mikono yake inalala mapajani, vidole kwa wageni. Maua yote yamechorwa yakitiririka kwenda kucha. Nilikuwa nimeyapindua, yanapanda mlima. Mimi msomi wa picha! Na hili ua lake bado liko kifundoni kwangu, linatiririka kwenda vidoleni, nimeliona kila siku tangu Jumamosi.

Tukazishusha zote tukazigeuza. Hata Alexander kapanda ngazi. Kazi ilipoisha nikarudi nyuma mpaka mlangoni. Ukuta mzima umetulia. Kama wanawake wamekaa safu, wanangoja kusifiwa.

Kuna karatasi moja haina ua. Mkono tu, mstari, ndani peupe. Nikauliza ya nini.

"Siku hiyo sikujisikia."

"Sasa tuiweke?"

"Iweke. Si mkono wangu huo?"

Nimeiweka mahali pake, katikati ya miaka. Nadhani ndiyo nzuri kuliko zote, lakini sikumwambia, angeniuliza nina maana gani kuhusu nyingine.


Jumapili, 10 Agosti

Jana sikuweza kuandika. Leo nimetoka ibadani moja kwa moja kuja kuandika, sijavua hata nguo za kanisani.

Walikuja! Sijui walitokea wapi wote. Makorora, Mabawa, Pongwe, wengine Kigombe. Mabaibui, vitenge, mabinti, wakwe, wajukuu. Ngazi ilikuwa inalia. Na kelele — "Hili langu! Jamani, hili langu!" — "Muongo, lako lilikuwa la umbo la korosho." — "Korosho ni la dada!" Mama mmoja mnene kanyanyua mkono wake mtupu, kauweka juu ya karatasi, kamwita mume wake aliyekuwa amejificha mlangoni. "Njoo ukumbuke!" Yule mzee kaja, katazama, kasema anakumbuka. Mkewe kasema muongo, siku ile ulikuwa unaangalia pilau.

Mgeni rasmi alikuwa na hotuba kuhusu wachoraji mashuhuri wa dunia. Kaisoma yote, hakubadili neno, amesimama mbele ya mikono.

Bi Mastura kakaa chini ya jina lake. Wanja mpya. Kila anayemsifu anamwambia "najua".

Kisha kaja mwanamke mmoja, kimya, peke yake. Kanong'ona: lile pale langu, nilikubali juzi, leo siwezi. Naomba lishuke. "Ndoa yenyewe ilishashuka," kasema, na kujaribu kucheka. Bi Mastura hakuuliza. Kainuka mwenyewe, kaing'oa karatasi, kampa. Yule mama kaikunja mara mbili, kaitia mkobani, kaondoka. Nilitaka kusogeza nyingine kuziba. Bi Mastura kanizuia. "Pawe hivyo. Si wote waliokaa."

Halafu zamu yangu na wanafunzi. Picha za kuonyesha sina. Nikawasimulia tu Rembrandt, kwa kumbukumbu: mtu anajichora ujanani na kofia ya fahari, anajichora utu uzima, anajichora mzee, na hajisamehei. Nikawaonyesha mikono. Nikawaambia wautafute mwaka kidole kilipoanza kupinda. Wakakimbilia ukutani wote!

Msichana mmoja wa kidato cha tatu, miwani, kauliza: "Dada, kati ya huyo mzungu na bibi huyu, nani mkali?"

Nilisema sijui.

Nilisema kweli sijui. Yule nilimjua jina kabla sijamwona, kwa hiyo siwezi tena kujua ningemwona vipi. Huyu niliona mkono wake tu, hakuna aliyeniambia nisimame, nikasimama. Nikawaambia mkubwa hapungukiwi tukimpa mwingine nusu saa. Keshatazamwa sana, anaweza kungoja. Walimu wakaandika. Nilitaka kuwaambia wasiandike, nilikuwa nafikiri kwa sauti.

Lakini nilikuwa nimesimama wima. Jamani! Nilikuwa nimeogopa swali lile tangu Julai na jibu lilikuwa sijui.


Jumatatu, 11 Agosti

Nimezitoa nyuso zangu chini ya kitanda. Nimezipanga kwa tarehe, ukutani chumbani, mama kaenda sokoni.

Si mbaya. Si kubwa. Kila moja inaniuliza: je, inatosha? Hicho ndicho nilichokuwa nachora, si uso. Hakuna hata moja niliyoichora kwa sababu ilinipasa kesho yake kumchora mtu mwingine, kama Bi Mastura.

Sikulia. Sikuzichana. Nilihisi kama nimeruhusiwa kutoka darasani. Mbili nimezipaka nyeupe zitumike tena. Nyingine zibaki, ni mimi, si aibu.

Mama karudi mapema kazikuta. Kasema: "Kumbe ulikuwa unachora! Mimi nilidhani una mtu." Kisha kakaribia ile ya mwaka juzi. "Hapa ulikuwa na malaria," kasema. Na kweli, nilikuwa nayo.


Jumanne, 12 Agosti

Makreti yamefika. Dereva kanenepa.

Tumeyafungua na Alexander. Karatasi inang'aa, fremu nyeusi, kila mmoja na kibao chake cha shaba. Nilitaka wawe wamekufa, ingekuwa rahisi. Hawajafa. Frida kanitazama hadi nikageuza shingo. Rembrandt nimemtoa mwenyewe kwenye plastiki aliyofungiwa, kipande kwa kipande, kwanza kofia, kisha lile jicho. Hata nakala. Hata hivi, miongoni mwa misumari na vumbi. Nikamwambia shikamoo, kwa sauti. Alexander kadhani namsalimia yeye.

Kisha kalisema. Kesho mikono ishuke, iende nyuma. Watu wa Mombasa wametuma mpango wa ukuta: picha zao zote mbele, pamoja, hakuna kitu kingine. "Ilikuwa mpaka makreti yafike, Beatrisi. Nilikwambia."

Aliniambia, ni kweli.

Nimesema: mimi sitazishusha. Bila hasira. Nikasema ujia aliukataa mwenye mkono, kwa hiyo zikishuka zinarudi kwake sandukuni, na atakayezishusha ni wewe, mchana, mwenyewe akiwepo. Nikasema ukuta unatosha, Rembrandt na Frida na bandeji wakae upande mmoja, mikono upande mmoja, kimo kimoja, niwaandikie barua Mombasa mimi.

Kasema atafikiri. Kasema nimebadilika. Sijui kama ni sifa.

Ajabu ni hii: siogopi. Akikataa nitaumia. Lakini siogopi.


Jumatano, 13 Agosti

Naandika kaunta, hapa hapa ukumbini. Asubuhi, saa nne kasoro.

Nilimpigia Bi Mastura jana, nikamweleza kila kitu. Nilingoja matusi. Kauliza tu: hao wakubwa washafika? Nikasema wamefika. "Basi naja kuwaona. Si wageni wangu?"

Kafika mapema, kabla ya Alexander. Kazunguka kwenye makreti. Frida hakumpenda. Kasema huyu alikuwa na maumivu, na kamtia wanja nani vile. Van Gogh kamhurumia, kauliza sikio lilifanywaje, nikamwambia, kasema "Ebo!" na kusogea mbele haraka. Kwa Rembrandt kasimama. Muda mrefu. Kainama mpaka puani.

"Huyu alitazama kweli," kasema. "Jina lake nani?"

Nikamwambia.

"Simjui." Kisha: "Mweke hapa, kwenye pengo. Hapa pa yule aliyeondoka."

Pengo halimtoshi, ni mkubwa mno. Tumemwegemeza chini, sakafuni, ukutani pale pale. Uso wake uko usawa wa vidole vyake Bi Mastura vya ujana.

Kisha kaomba karatasi. Nikampa kubwa, nzuri, ile ya rangi za maji niliyokuwa naificha. Kaomba meza ndogo, kaiweka katikati ya ukumbi, mbele ya ukuta, kakaa. Ua la Rahila, kasema. Nalichora leo, hapa pana mwanga. Kaweka mkono wa kushoto juu ya karatasi. Kachukua penseli.

Wanafunzi wa zamu ya leo wameshafika, wameketi sakafuni kumzunguka, viatu mkononi, hakuna aliyewaambia wavue. Yule mwenye miwani karudi, hii si zamu yao kabisa, sijui katorokaje.

Mstari unatetemeka. Hajaribu kuuzuia. Katoka gumba, yuko cha shahada.

Alexander kaingia. Ana nyundo, ya upande wa kung'olea misumari, na mpango wa Mombasa umekunjwa kwapani. Kasema shikamoo. Bi Mastura kaitika, macho kwenye karatasi. Alexander kangoja amalize. Mtu wa umri ule akiwa kazini humkatizi, hata Alexander anajua. Kabadili mguu. Kaweka nyundo nyuma ya mgongo.

Watoto wametazama nyundo. Wametazama ukuta.

Cha kati sasa. Kafika kwenye kucha, anaizunguka taratibu sana. Baada ya hapo kimebaki cha pete, na kile kilichopinda, na baada ya mkono wote ndipo ua linaanza. Ua la Rahila ni kubwa, mpaka kiwiko. Hana haraka hata kidogo.

Alexander kanisogelea kaunta. Nilijua anakuja kuniambia nini, nikaweka kalamu chini.

Kanong'ona, kauliza kama kuna kiti kingine.